Jicho la kijana mwenye sikoseli liliingia giza dakika kumi, kisha likaona tena

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Geita. Kijana wangu wa pili ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, ana sikoseli. Mdogo wake wa kike wa miaka 8 naye anayo. Wiki iliyopita kijana alirudi kutoka mpirani jioni, akakaa kula, ghafla akasema jicho la kushoto limeingia giza kama pazia limeshushwa. Hakusikia maumivu yoyote. Baada ya dakika kama kumi likarudi lenyewe akaendelea kula. Kesho yake nilimpeleka kwa wapima miwani, akasoma herufi zote, wakasema ni 6/6, hana tatizo. Zahanati wakampima HB, yaani wingi wa damu, ikaja 7.6, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Jirani anasema nimtie maji ya mlonge jichoni. Je, yamekwisha? Au mwanangu atapofuka?

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa hofu hiyo. Hapana, usihesabu kwamba yamekwisha. Jicho limerudi kuona, na hilo ni jema, ila kilicholizima hakijajulikana. Kwa mtu mwenye sikoseli, giza la dakika kumi nalichukulia kwa uzito uleule ambao ningeupa mkono uliolegea kwa dakika kumi: ni jambo la kuonwa na daktari siku ileile. Siku ile imeshapita, basi mpeleke kesho asubuhi, usingoje litokee tena. Kwa ninyi wa Geita, Bugando pale Mwanza ndiyo hospitali ya kanda, na ina wataalamu wa sikoseli na wa macho pia. Ombeni rufaa, na mkipangiwa kliniki ya mwezi ujao, mwambie anayepanga kwamba mgonjwa wa sikoseli alipoteza kuona ghafla. Usiseme "ana shida ya macho". Mwenye shida ya macho hupangiwa foleni ya miwani.

Kabla hamjaondoka, kuna swali la kumuuliza kijana, na jibu lake linaweza kutuelekeza kwenye jicho au kwenye ubongo. Je, lile giza lilipoingia, alifumba jicho moja moja? Watu wengi wanaopoteza kuona upande wa kushoto husema "jicho la kushoto", kumbe kilichopotea ni nusu ya kushoto ya macho yote mawili. Macho huleta picha tu, ubongo ndio unaoisoma, na umegawana kazi hiyo kwa pande: ubongo wa kulia husoma nusu ya kushoto ya kile tunachokitazama, iwe imeingia kwa jicho hili au lile. Damu ikikatika huku nyuma ya kichwa upande wa kulia, mtu atasema jicho la kushoto limezima ilhali jicho halina kosa lolote.

Kwa hiyo muulize hivi: "Ulipofumba la kushoto, la kulia lilikuwa linaona sahani nzima, au nusu ya ugali ilikuwa haipo?" Kama alijaribu na la kulia lilikuwa linaona kila kitu, tunaanza kutafuta ndani ya jicho la kushoto. Kama nusu ya sahani ilikuwa haipo hata kwa jicho la kulia, tunatafuta kichwani, na hapo jina la jambo lenyewe ni kiharusi cha muda. Kama hakujaribu, na wengi hawajaribu kwa sababu ya woga, mwambie daktari wazi kwamba hakujaribu. Mimi mgonjwa akiniambia hajui, kichwa nakichunguza.

Likitokea tena, mkae uso kwa uso, atazame pua yako, afumbe jicho moja kisha jingine, akwambie kama anayaona masikio yako yote mawili. Hiyo ni kazi ya nusu dakika, na ifanyike huku mtu mwingine anatafuta usafiri.

Nieleze kwa nini nalikazania suala la ubongo. Sikoseli ya SS, yaani ya mtu aliyerithi kinasaba cha S kwa baba na kwa mama, ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi kwa watoto. Kabla ya madaktari kuanza kuwatafuta mapema walio hatarini, wagonjwa waliofuatiliwa Marekani walionyesha kwamba takriban 11 kati ya 100 walipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Giza linalokuja na kuondoka linaweza kuwa kitangulizi chake. Ikithibitika kwamba lilitoka huko, matibabu hayawi dawa ya macho. Ni kuongezewa damu kwa mpango au kubadilishiwa damu (kutolewa yake na kuwekewa ya mtu mwingine), ili hemoglobini ya S, ile yenye kasoro ya sikoseli, ishuke chini ya asilimia 30 ya hemoglobini yote, na kuishikilia huko chini. Mahali ambapo damu ya kila mwezi haipatikani, haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya sikoseli, ndiyo inayobeba mzigo huo kadiri inavyowezekana.

Sasa tuseme ni jicho kweli. Ulichokieleza, pazia kushuka bila maumivu, jicho moja, dakika chache, ni picha ninayoifahamu ya mshipa mdogo unaolisha retina kuzibwa kisha kuzibuka. Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na hula oksijeni kwa pupa. Chembe nyekundu za mwenye sikoseli zikipungukiwa maji au oksijeni hukakamaa na kunata, zikashindwa kupita kwenye mishipa myembamba. Kijana alitoka mpirani jioni. Pengine alicheza saa nzima kwenye jua na maji hakunywa, na hapo damu ikawa nzito kiasi cha kusimama mahali pamoja. Alipokaa akapumzika, msongamano ukaachia. Hiyo ni dhana yangu mpaka mtu alitazame jicho lenyewe, ila inaoana na habari ulizonipa.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mshipa ukiziba na usiachie, retina haisubiri. Saa chache tu zinatosha kuiua sehemu iliyokosa damu, na iliyokufa hairudi. Hakuna tone la dukani linalozibua mshipa ule. Kinachofanyika hospitali ni kumpa maji, oksijeni ikiwa imepungua, na kumbadilishia damu haraka. Ndiyo maana likirudi na kukaa, hata iwe saa nane usiku, msingoje kupambazuke.

Nije kwa wapima miwani. Sina ugomvi nao, walifanya kazi yao na 6/6 yao ni ya kweli. Lakini ile chati ya herufi hupima katikati tu ya kuona, eneo dogo la retina tunalolitumia kusoma. Sikoseli kwa kawaida huanzia pembezoni, kule ambako mishipa ni myembamba kabisa, na kijana anaweza kusoma mstari wa mwisho wa chati huku pembezoni mwa retina kumekauka. Mwaka 1971 daktari wa macho wa Marekani aitwaye Morton Goldberg alipanga uharibifu huu katika hatua tano, na mpango wake bado tunautumia. Mishipa ya pembezoni huziba, kisha mingine huungana kinyume na utaratibu, kisha jicho, kwa kutafuta oksijeni, huotesha vishipa vipya vilivyotandaa mithili ya tumbawe lenye umbo la upepeo. Vishipa hivyo ni dhaifu. Vikipasuka, damu humwagika ndani ya ute unaojaza jicho: hiyo ni hatua ya nne. Ya tano ni retina kuvutwa ikabanduka.

Mpaka hatua ya tatu mgonjwa haoni tofauti yoyote. Haumwi, anasoma, anacheza. Ya nne ndiyo humshtua: nyuzi nyeusi zinaelea, au moshi, au utando mwekundu, na pengine giza zima. Damu ile huweza kutulia chini ya jicho baada ya siku kadhaa akaanza kuona tena, na hapo ndipo watu husema amepona. Dakika kumi ni chache mno kwa damu iliyomwagika kusafika, kwa hiyo sidhani ndicho kilichompata mwanao, lakini muulize kama ameona vitu vyeusi vikielea siku hizi.

Kipimo mnachokwenda kukitafuta ni cha kutazama retina mboni zikiwa zimepanuliwa. Atatiwa matone, atangoja nusu saa hivi mpaka mboni ziwe pana, kisha daktari wa macho, mwenye taa kichwani na lenzi mkononi, atamlaza au kumkalisha na kumwambia atazame juu, chini, kulia, kushoto. Wakati mwingine atakandamiza kope taratibu kwa kifaa kidogo ili ukingo wa retina usogee aweze kuuona. Si tamu, ila haiumizi kwa maana ya kuumiza. Akitoka hapo ataona ukungu kwa saa kadhaa na mwanga utamkera, kwa hiyo asirudi peke yake, asiendeshe bodaboda, na asiipande kama abiria bila mtu wa kumwangalia. Chukua kofia. Hospitali ikiwa na kamera ya retina, picha zitafaa sana kulinganishia mwakani.

Wakikuta vile vishipa vipya, si lazima vyote vitibiwe, kwani vingi hujikausha vyenyewe. Vinavyotishia hutibiwa kwa leza, na viko vinavyochomwa sindano ya dawa ndani ya jicho. Damu iliyokataa kuondoka au retina iliyobanduka ni kazi ya upasuaji, na upasuaji huo kwa mgonjwa wa sikoseli hauanzi mpaka daktari wa damu ameshiriki.

Huenda utasoma mtandaoni kwamba maradhi haya ya retina ni ya watu wa SC, waliorithi S kwa mzazi mmoja na C kwa mwingine, na si ya SS. Kuna ukweli ndani yake. SC hupatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika Magharibi, damu yao huwa na chembe nyingi na nzito zaidi, na macho yao ndiyo huharibika mara nyingi. Sisi huku karibu wagonjwa wetu wote ni SS. Hatari ni ndogo kuliko ya wale, lakini ipo, na mishipa ya retina kuziba ghafla hakuchagui SS wala SC.

Kuhusu HB ya 7.6, hapa nina neno na zahanati. Mwenye SS huishi na HB kati ya 6 na 9 siku zote. Kama daftari lake la kliniki linaonyesha amekuwa akizunguka kwenye 7 na kitu miaka yote, basi 7.6 ni yake na haielezi giza la jicho moja. Upungufu wa damu unaotia giza kwa kawaida hutia giza macho yote mawili, mtu akisimama ghafla, pamoja na kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Angekuwa ameshuka kutoka 7.6 hadi 4, ningeamini. Vidonge ulivyopewa, soma paketi. Kama ni foliki asidi, aendelee, hiyo ni haki yake kila siku. Kama ni madini ya chuma, simamisha mpaka apimwe akiba yake ya chuma, hasa ikiwa amewahi kuongezewa damu mara nyingi, kwa sababu chuma kingi hukaa kwenye ini na moyo kikaharibu. Na mtu akikushauri aongezewe damu tu ili namba ipande, kataa mpaka uongee na daktari wa sikoseli. HB ikipandishwa juu ya 10 huku damu nyingi bado ni ya S, unene wa damu huongezeka na mishipa huziba zaidi. Kubadilishiwa damu kwa mpango ni jambo jingine kabisa.

Mlonge ni mboga nzuri, apikiwe majani ale. Jichoni usitie. Maji ya mlonge, maziwa ya mama, asali, tone alilobakiza jirani, vyote hapana. Yale matone ya dukani yenye deksamethasoni nayo hapana, yana madhara yake na hayamfai kwa hili.

Kijana anacheza mpira, kwa hiyo nikwambie na hili, ambalo hata watumishi wengine hulisahau. Mpira ukimpiga jichoni, damu inaweza kuvuja mbele ya jicho, kati ya kioo cha mbele na mboni, ukaiona imetuama kama mstari mwekundu chini. Kwa mtu mwingine huwa ni tatizo la wastani. Kwa mwenye sikoseli chembe zile hukakamaa humo ndani, zikaziba njia ya kutolea maji ya jicho, na presha ya jicho ikapanda. Neva yake ya jicho haivumilii hata presha ambayo ya mtu mwingine ingeivumilia, na kuona kunaweza kupotea kwa siku moja au mbili. Dawa inayokimbiliwa sana kushusha presha ya jicho, asetazolamaidi, huongeza asidi kwenye damu na kumpunguzia mtu maji, mambo mawili yanayofanya chembe zikakamae zaidi. Daktari wa macho anayejua ana sikoseli atachagua nyingine. Asiyejua ataandika hiyo kwa nia njema. Litaje neno sikoseli kwenye kila dirisha, hata kama limeandikwa kwenye faili.

Na hatari hiyo ya damu mbele ya jicho haiwahusu SS peke yao. Wenye AS, yaani waliorithi S kwa mzazi mmoja tu, nao wamo. Wewe na baba yake kila mmoja amempa mtoto kinasaba kimoja cha S, kwa hiyo ninyi wenyewe mna uwezekano mkubwa wa kuwa AS, na pengine wale watoto wenu wengine wawili pia. AS hana maumivu ya mifupa wala hahitaji kliniki, lakini akipigwa jicho likavia damu, aseme.

Kuna mambo mengine ambayo daktari atayapitia, nayataja ili usishangae maswali yake. Giza la sekunde chache linalokuja macho yote mtu anapoinama au kusimama, pamoja na maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi, humfanya atafute shinikizo kubwa ndani ya kichwa, na mara nyingine damu iliyoganda kwenye mishipa mikubwa ya ubongo. Mistari ya mkunjo-mkunjo inayometameta na kusambaa kwa dakika 20 au 30, kisha kichwa kuuma upande, mara nyingi ni kipandauso. Kutoona macho yote pamoja na presha kupanda, kuchanganyikiwa au degedege, hasa mtu akiwa amelazwa au ametoka kuongezewa damu, ni uvimbe wa sehemu ya nyuma ya ubongo: unatisha lakini mara nyingi hurudi ukitibiwa mapema. Na kama amewahi kuchomwa desferioksamini ya kutoa chuma mwilini, ataje, kwa sababu dawa hiyo kwa wachache hudhuru retina na neva ya jicho, na ikisimamishwa mapema kuona huweza kurejea.

Wasomaji wengine mmeniuliza siku za nyuma kuhusu magonjwa ya damu yasiyo sikoseli, niseme kwa kifupi. Mtu mzima ambaye chembe nyekundu zake zimezidi, au chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimepanda sana, naye hupata giza la dakika chache kwa sababu mishipa midogo inazibwa, na mara nyingi aspirini ya dozi ndogo pamoja na kupunguzwa damu huyamaliza, ila aspirini haianzwi kwa kubahatisha. Mwenye saratani ya damu au mayeloma (saratani ya uboho wa mifupa) anaweza kuwa na damu nzito mno, ukungu machoni ukawa dalili ya kwanza. Mwanamke kijana aliyepoteza mimba mara kwa mara na sasa jicho linazima na kuwaka apimwe kingamwili zinazogandisha damu. Wote hawa wanahitaji kipimo kamili cha damu kabla ya miwani.

Turudi kwa mwanao. Andika kwenye karatasi tarehe, saa, jicho lipi, dakika ngapi, alikuwa anafanya nini, kama alikuwa na homa au maumivu ya mifupa siku zile, HB zake tatu za mwisho, na dawa zote anazotumia. Beba na paketi zenyewe. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko kumbukumbu ukiwa umekaa benchi tangu alfajiri.

Atapofuka? Wagonjwa wengi wa sikoseli wanazeeka na macho yao. Wanaopoteza kuona mara nyingi ni wale ambao hakuna aliyewatazama retina mpaka hatua ya nne au ya tano. Uliza pia kuhusu haidroksiyurea kama hajaanza. Inaongeza hemoglobini ya kichanga ambayo haikakamai. Ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2019, na maumivu, malaria na kuongezewa damu vilipungua. Dozi yake hupimwa kwa uzito, na damu huangaliwa mara kwa mara akiwa anaitumia.

Mpira asimamishe mpaka retina na kichwa viangaliwe. Wakimruhusu, arudi, akinywa maji kabla, katikati na baada, na akitoka uwanjani mwenyewe anapochoka, bila kusubiri kocha. Na yule wa miaka 8 usimwache nyumbani siku hiyo ya Mwanza. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani, kinafanyika kwa watoto wa SS wa miaka 2 hadi 16, hakina sindano, na huonyesha nani anaelekea kwenye kiharusi kabla hakijampata. Kaka yake amekivuka kwa mwaka mmoja, yeye itabidi kichwa chake kipigwe picha. Binti bado yumo ndani ya umri. Akifika miaka 10 naye aanze kutazamwa retina kila mwaka mmoja au miwili, hata kama anasoma herufi zote.